Dumu la mchanganyiko lililobaki tangu msimu uliopita: ulitumie au ulitoe vipi

Mwezi wa tano ukiingia, huku kwetu Newala kila mwenye mikorosho anaitoa mashine ya kupulizia stoo. Vumbi linapanguswa, mikanda ya begani inakaguliwa, na nyuma ya magunia linaonekana dumu la njano la lita tano, nusu limejaa, mfuniko umelegea. Ndani mna petroli iliyochanganywa mwaka jana na oili ya 2T, yaani oili ya injini za mipigo miwili. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Mmoja anayamimina kwenye tangi na kuvuta kamba, mwingine anayamwaga nyuma ya choo, wa tatu anasema mama akawashie jiko. Wote watatu wanakosea, na yule wa jiko anaweza kuua watu nyumbani kwake.

Natunza mashine sita za kikundi chetu cha wakulima, na kila msimu napokea za majirani zilizogoma kuwaka. Nikizifungua, nyingi ugonjwa wake ni huo huo: mafuta ya zamani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, lakini mwenye msumeno wa mnyororo, mashine ya kufyekea nyasi, jenereta ndogo ya mchanganyiko au injini ya boti atafuata njia hiyo hiyo.

Kwanza elewa kinachoharibika

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi sana na vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoifanya injini iwake ikiwa baridi, na ndivyo vinavyokuwa vya kwanza kuruka hewani. Dumu likikaa chini ya bati, mchana joto linasukuma mvuke nje kupitia mfuniko uliolegea, usiku ubaridi unavuta hewa yenye unyevu kuingia ndani. Dumu linapumua hivyo kila siku. Kwa kuwa oili hairuki, kadiri petroli inavyopungua ndivyo sehemu ya oili inavyozidi: uliweka kipimo sahihi mwaka jana, leo ndani mna kipimo kingine.

Halafu kuna hewa yenyewe. Oksijeni inaifanya petroli itoe utando unaonata, na utando huo hukauka kwenye kabureta. Mwaka juzi nilifungua mashine ya jirani ambayo ilikuwa imelazwa na mafuta ndani tangu mwezi wa kumi. Chini ya kabureta palikuwa na kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kigumu, kinachong'aa kama utomvu wa mkorosho uliokauka gomeni. Kitundu cha jeti kinachopitisha petroli, ambacho hata sindano ya kushonea haipiti vizuri, kilikuwa kimezibwa chote. Kitundu hicho kikizibwa nusu tu, mashine itawaka, lakini itakunywa mafuta kidogo na hewa nyingi. Na katika injini ya namna hii oili inafika kwenye pistoni ikiwa ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Pistoni inapata moto, inakwaruza silinda, inanasa. Jirani anasema "mashine za siku hizi ni mbovu", kumbe mashine haina kosa.

Watengenezaji wengi wa mashine hizi wanashauri mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi mmoja. Kwa uzoefu wangu, dumu lililojaa hadi karibu na shingo, lililofungwa sawasawa na kuwekwa kivulini linaweza kuvumilia miezi miwili hata mitatu. Lile la nusu, lililolegea mfuniko, kwenye stoo ya bati, usilipe muda huo. Sisi tunapulizia kuanzia mwezi wa sita hivi hadi wa tisa, kisha korosho zinaanza kuanguka na mashine inasahaulika. Hiyo ni miezi minane ya kulala.

Hatua ya kwanza: toa dumu nje, usiliguse ukiwa ndani

Lipeleke uwanjani penye upepo, mbali na jiko, mbali na mtu anayevuta sigara, mbali na magunia ya salfa. Hili la salfa linasahaulika mno. Unga wa salfa unashika moto, na moshi wake unakaba pumzi. Petroli na salfa zisikae stoo moja hata siku moja.

Fungua mfuniko taratibu, uache mvuke utoke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini na kukaa mabondeni, kwenye mashimo, chini ya meza. Kwa hiyo kibatari kilicho sakafuni hatua kadhaa kutoka ulipo kinaweza kuuwasha, nawe hukuwa na habari. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ya jokofu lolote la nyumbani. Mafuta ya taa hayako hivyo, yanahitaji kupashwa kwanza.

Usinyonye mpira kwa mdomo kuhamisha mafuta. Najua karibu kila fundi anafanya hivyo. Tone moja likiteleza kwenda mapafuni linatosha kukulaza hospitali. Tumia faneli, au pampu ya mkono.

Hatua ya pili: yapime kwa macho, kwa pua na kwa kisahani

Chukua chupa safi ya kioo kisicho na rangi, mimina kiasi cha robo, ifunge, iache itulie mahali penye kivuli kwa saa chache. Kisha iinue kwenye mwanga.

Mchanganyiko mzima unaonekana wazi, una rangi ile ile ya oili uliyotumia. Oili za 2T hutiwa rangi makusudi, nyekundu, buluu au kijani, ili mtu ajue petroli hii imeshachanganywa. Ukiona rangi imegeuka kahawia kama chai ya rangi, au imekuwa na ukungu usiotulia, yamechoka. Ukiona mstari chini, na chini yake kitu cheupe kinachotembea kama lulu ukiinamisha chupa, hayo ni maji.

Harufu nayo inasema. Petroli mbichi inapiga puani kwa ukali. Iliyooza inanuka uchachu, kama rangi ya mafuta ya zamani au vanishi. Kunusa kwenyewe kuwe kwa mbali, upunge kwa mkono mvuke ukufikie. Usiweke pua kwenye shingo ya dumu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kisahani. Weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye kisahani cheupe kilichopasuka kisichotumika tena kwa chakula, kiache nje mahali watoto na kuku hawafiki. Petroli itaruka, itabaki oili. Gusa kwa kidole chenye glavu. Ikiwa inateleza tu, mafuta bado yana maisha. Ikiwa inavuta, inanata kidoleni kama fenesi, usiyapeleke karibu na kabureta yoyote.

Kuna swali moja ambalo hakuna kipimo cha nyumbani kinacholijibu vizuri: dumu hili lilitiwa oili kweli, na kwa kiasi gani? Kama hukumbuki, na hakuna aliyeandika, usiyatie kwenye mashine ya mchanganyiko. Petroli tupu inanasisha pistoni baada ya dakika chache za kazi nzito, na rangi hafifu ndani ya dumu si ushahidi wa kipimo.

Hatua ya tatu: amua njia

Mafuta ya chini ya mwezi mmoja, yaliyofungwa vizuri na kipimo chake kinajulikana: tikisa dumu, yatumie. Hakuna cha kujadili.

Ya mwezi mmoja hadi mitatu, ambayo yamepita kipimo cha kisahani: yachanganye na mapya. Mimi naweka sehemu moja ya zamani kwa sehemu tatu za mchanganyiko mpya wenye kipimo kile kile. Lita moja ya zamani inataka lita tatu mpya. Yachuje kwa faneli yenye wavu mwembamba kabla hayajaingia tangini. Kazi ya kwanza iwe nyepesi, na usikilize: mashine ikilia juu kupita kawaida, au ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izime.

Ya zaidi ya miezi mitatu, au yale usiyojua kipimo chake, lakini bado masafi, hayanati na hayana maji: usiyarudishe kwenye mashine ndogo. Yapeleke yakayeyukie kwenye tangi kubwa la injini ya petroli ya mipigo minne, ile ambayo oili yake haichanganywi na petroli. Bodaboda nyingi zetu za cc 125 na 150 zenye kabureta ni za namna hiyo, na pikapu za zamani vilevile. Siri iko kwenye wingi wa petroli safi. Tangi la pikipiki likiwa na lita nane mpya, weka robo lita ya zamani, usizidishe. Gari lenye lita 20 za petroli safi linaweza kupokea nusu lita hadi lita moja. Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya mchanganyiko wa 1:25, yaani oili moja kwa petroli 25, ina oili kama mililita 40. Ndani ya lita 20 oili hiyo inakuwa kidogo sana, injini inaichoma bila shida. Lita mbili za dumu lako zitaisha kwa kujaza tangi la pikipiki mara nane. Ni polepole, ndiyo, lakini zimefanya kazi badala ya kuingia ardhini.

Usifanye hivi kwenye gari jipya lenye kichujio cha moshi na sensa kwenye ekzosi, kwa sababu mabaki ya oili iliyoungua yanavichosha vifaa hivyo, na vifaa hivyo ni ghali. Na kamwe usitie kwenye injini ya dizeli, iwe ya mashine ya kusaga, trekta au pampu ya maji. Watu hudhani kwa kuwa ndani mna oili basi dizeli itaipenda. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaiondolea ulaini na kuikwaruza.

Kwa mwenye pikipiki ambaye si wewe, mwambie ukweli kabla ya kumpa. Kumtilia mtu mafuta ya zamani kimya kimya ni kuchakachua, hata kama hukuchukua senti yake.

Yenye maji yanaweza kuokolewa. Liache dumu limetulia siku nzima, limeinamishwa kidogo ili maji yakae pembe moja, kisha mimina ya juu polepole kwenye chombo kingine na uache vidole viwili vya mwisho. Hayo ya juu yapimwe upya, na yakifaa yafuate njia ya tangi kubwa. Wanaonunua petroli Malawi wajue kuwa kule imekuwa ikichanganywa na ethanoli ya miwa tangu 1982. Ethanoli inavuta maji na kushuka nayo chini, hivyo petroli inayobaki juu imepungua nguvu. Hiyo usihangaike kuiokoa.

Yaliyonata, yaliyogeuka kahawia, yenye uchafu, au mabaki ya maji na petroli: haya ni taka ya hatari. Yana hatua yake hapa chini.

Mambo matano yasiyofanyika

Usiyatie kwenye jiko la mafuta ya taa, koroboi wala taa ya chemli, hata kidogo, hata "ya kuongezea". Jiko la utambi limetengenezwa kwa mafuta yasiyotoa mvuke haraka. Ukiweka petroli, tangi linapata joto, mvuke unajaa, moto unafuata mvuke hadi ndani. Linalipuka mikononi mwa anayepika, na mara nyingi anayepika ana mtoto mgongoni au pembeni.

Usimwage chooni. Mvuke utakaa shimoni kwa sababu ni mzito, na atakayeingia usiku na kibatari au sigara ndiye atakayeulipua.

Usimwage ardhini, mtaroni wala karibu na kisima. Petroli ina benzini, kitu kinachosababisha saratani, na haikai juu ya udongo: inashuka na mvua hadi kwenye maji. Watu wa uwanda wetu huu wa Makonde wanajua maji yanavyopatikana kwa shida, mtu anashuka bonde na kupanda na ndoo kichwani. Maji hayo ukishayatia petroli, kuchemsha hakuyasafishi.

Usiwashie nayo takataka wala majani ya shambani. Ukimwaga petroli na kutafuta kiberiti, mvuke umeshakuzunguka miguuni. Moto hauanzii pale ulipomwaga, unaanzia ulipo wewe.

Usiyachanganye na oili chafu ya gari. Hili wengi hawalijui. Oili chafu ina wanunuzi: wengine wanapaka mbao zisiliwe na mchwa, wengine wanachomea kwenye tanuri. Anayeipasha moto anaijua kuwa ni oili, inayochelewa kuwaka. Ukiitia lita moja ya petroli umemwekea mtu mtego. Vyombo viwe viwili, kila kimoja na jina lake.

Na kuoshea vyuma? Mafundi wengi wanafanya. Mimi nimeacha, natumia dizeli kidogo na brashi, kwa sababu petroli inapita kwenye ngozi na kichwa kinaniuma jioni nzima.

Yale ya kutupwa

Yaweke kwenye dumu gumu la mafuta lenye mfuniko wenye mpira, au la chuma, usilijaze hadi juu kabisa ili yapate nafasi ya kutanuka. Andika kwa kalamu nene: PETROLI MBOVU, SUMU, USIWASHE. Libaki nje ya nyumba ya kulala, kivulini, limeinuliwa juu ya tofali.

Usitumie chupa ya maji ya kunywa. Petroli ya vijijini inauzwa kwa chupa za lita moja kando ya barabara, kwa hiyo macho yetu yamezoea. Lakini mchanganyiko wenye oili nyekundu ndani ya chupa ya maji unafanana kabisa na sharubati ya rozela, na mtoto wa miaka mitatu hasomi lebo. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ukitumaini yatasafisha. Kutapika ndiko kunakopeleka petroli mapafuni. Mkimbize kituo cha afya, na ubebe dumu au chupa waone alichokunywa. Ikimwingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima.

Kwa mtu mmoja mwenye nusu lita, kwenda mjini ni gharama bure. Ndiyo maana sisi tunakusanya kikundi kizima kwenye dumu moja, mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kupulizia. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na taka ya hatari inatakiwa kuchukuliwa na mwenye kibali cha kazi hiyo. Anzia kwa afisa mazingira wa halmashauri, umuulize nani ana kibali karibu nanyi. Akikosa jibu, ofisi ya kanda yenu ya NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ndiyo ya kuuliza. Kenya, mlango ni NEMA, mamlaka yao ya mazingira. Ukipeleka kwa gereji kubwa inayokabidhi taka zake kwa mwenye kibali, waeleze kabla hujashusha dumu kwamba hii ni petroli, si oili. Dumu hilo lisisafiri ndani ya basi chini ya viti vya watu.

Matambara yaliyolowa yatandazwe uwanjani hadi yakauke kabisa, usiyarundike kwenye ndoo.

Usafishe mashine kabla ya kuiamsha

Kama mafuta ya mwaka jana yamo bado tangini, usivute kamba kwanza. Toa yote, weka nusu kikombe cha mchanganyiko mpya, tikisa mashine, umwage kwenye dumu la taka. Angalia filta ndogo iliyo mwisho wa mpira ndani ya tangi. Ikiwa ngumu au ya kahawia, badilisha. Bana mpira wa mafuta kwa vidole, ukipasuka au ukiwa mgumu kama kijiti, weka mpya. Fungua plagi, ipanguse, vuta kamba mara tatu bila plagi. Ikigoma baada ya hapo, kabureta ifunguliwe. Usichokonoe kitundu cha jeti kwa waya wa chuma, unakipanua na kipimo kinapotea; kiloweke na kipulizwe kwa upepo.

Ili msimu ujao dumu lisibaki

Changanya ya siku hiyo. Tangi la mashine ya kupulizia ni dogo, na baada ya wiki moja unajua kabisa usiku mmoja unakula lita ngapi. Kipimo kipo kwenye kitabu, mara nyingi hata kwenye mfuniko wa tangi: 1:25 ni mililita 40 za oili kwa lita, 1:50 ni mililita 20. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake, liwe la kazi hiyo tu. Kwa 1:25 unavuta mara mbili kwa kila lita. Kifuniko cha oili kama kipimo kimeua mashine nyingi, kwa sababu kila kampuni ina kifuniko chake. Tia nusu ya petroli kwanza, kisha oili, tikisa, halafu malizia petroli na utikise tena.

Kwa kuwa tunapulizia usiku hadi alfajiri, umande ukiwepo na upepo ukiwa umelala, tangi nalo linajazwa gizani. Zima mashine, isubiri ipoe, umulike kwa tochi. Koroboi isikaribie hapo.

Siku ya mwisho ya kupulizia, toa mafuta tangini, washa mashine iendelee hadi ijizime yenyewe ili kabureta ikauke. Fungua plagi, dondoshea matone machache ya oili safi ya 2T, vuta kamba taratibu mara mbili, rudisha plagi. Kilichobaki dumuni kipe mwenye pikipiki wiki hiyo hiyo kingali kipya, kwa kipimo kile cha robo lita. Na juu ya kila dumu andika tarehe ya kuchanganya na kipimo, kwa mfano "12/7, 1:25". Kalamu naifunga kwa uzi kwenye mpini wa dumu, maana ikikaa mfukoni mwa mtu haionekani tena.